MWANDISHI WA BAHARI ALIYEWASEMEA NDEGE NA WACHUMA MACHUNGWA

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wasomi, wadhanio kwamba kuandika habari za ndege, mawimbi na mchanga wa pwani ni kazi ya watu walioshiba, wasio na la kufanya asubuhi ila kutembea na fimbo mkononi na kutazama mawingu. Mfanya kazi wa kiwandani, husema watu hao, hana haja na habari hizo. Yeye apewe habari za mshahara, bei ya unga na saa za kazi. Dhana hiyo ina sehemu yake ya ukweli, maana vimeandikwa vitabu vingi vya namna hiyo visivyo na faida kwa mtu ye yote isipokuwa aliyeviandika. Walakini Rachel Carson wa Marekani hakuwa mwandishi wa jamii hiyo, na ndugu msomaji asiyepata kumsikia anastahili kusimuliwa habari zake kwa urefu kidogo.

Alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Allegheny. Nyumba yao ilikuwa ndogo, haina mabomba ya maji ndani, nayo ilisimama katika shamba la ekari 65 hivi ambalo halikumpatia baba yake riziki ya kutosha. Mama yake, Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, alifundisha watoto wa jirani kupiga piano ili aongeze senti za nyumbani. Na binti alipopata nafasi ya kwenda chuoni mwaka 1925, mama akauza hata vyombo vyake vya mezani ili karo ipatikane. Mama huyo ndiye aliyemtembeza mwanawe vichakani tangu udogoni na kumfundisha kuwatambua ndege. Baadaye ndiye aliyempigia taipu maandishi yake na kumsomea kwa sauti, ili mwandishi asikie kama sentensi zake zinakwenda sawa au zinachechemea.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba huyu aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa bahari alifika umri wa miaka 22 bila kuiona bahari. Alikuwa ameisoma vitabuni tu. Chuoni aliingia kwa nia ya kujifunza fasihi na kuwa mtungaji, ndipo mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, Mary Scott Skinker, akamvuta upande wa pili. Katika majira ya joto ya mwaka 1929 alikwenda kujifunza katika kituo cha elimu ya bahari cha Woods Hole, Massachusetts, na huko ndiko alikosimama mbele ya maji ya Atlantiki kwa mara ya kwanza. Alikuwa amedhani kwamba kwa kuchagua sayansi ameuaga utungaji. Kumbe sayansi ndiyo iliyompa kitu cha kuandika.

Mwaka 1932 alipata shahada ya pili katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Hiyo ilikuwa miaka ya msukosuko mkubwa wa uchumi, ambapo mamilioni ya watu nchini mwake hawakuwa na kazi. Mwaka 1935 baba yake akafa ghafla, na mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Akapata kibarua katika Idara ya Samaki ya Serikali, akiandika vipindi vifupi vya redio juu ya viumbe vya baharini. Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa utumishi wa Serikali, akawapita wenziwe wote, akaajiriwa. Katika idara ile alikuwa mwanamke wa pili kupewa kazi ya kitaalamu. Mwaka 1937 dada yake naye akafariki, akaacha mabinti wawili. Rachel na mama yake wakawachukua. Kwa hiyo kwa miaka mingi mwandishi huyu alikuwa mfanya kazi mwenye watu wa kulisha, aliyekuwa akirudi nyumbani jioni, kupika na kula, kisha kukaa mezani kuandika hadi usiku wa manane. Yafaa tulikumbuke hilo kila tusomapo mistari yake inayotiririka kana kwamba ilitungwa na mtu aliyelala chini ya mti.

Makala yake ya kwanza iliyojulikana ilipatikana kwa bahati ya kuchekesha. Mkuu wake ofisini alimwagiza aandike utangulizi wa kijitabu cha Serikali juu ya samaki. Alipoletewa akausoma, akamrudishia akimwambia kwamba hayo hayafai kwa kijitabu cha Serikali, aandike mengine, na haya ayapeleke kwa jarida la Atlantic Monthly. Yakachapishwa humo mwezi Septemba, 1937. Wako wakubwa wa ofisi ambao wangeyatia kapuni.

Kutokana na makala hiyo kikazaliwa kitabu chake cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilichotoka Novemba, 1941. Katika kitabu hicho binadamu ni kama mpita njia. Wahusika wenyewe ni ndege wadogo wa pwani wakimbiao mbele ya mawimbi, samaki wa jamii ya vibua, na mkunga atokaye mtoni kwenda kuzaa na kufa katika vilindi vya Atlantiki. Wale ndege wadogo, wasomaji wetu wa Tanga, Bagamoyo, Mombasa na Unguja wanawajua sana: ni wa namna ile ile waonekanao kwenye mchanga wetu wakati wa kaskazi, weupe kifuani, wakifukuzana na maji mbele na nyuma kama watoto wachezao. Nao husafiri kutoka nchi za baridi kali za kaskazini ya dunia, huko waliko na viota vyao. Bibi Carson aliisimulia safari ya namna hiyo bila ya kumfanya ndege azungumze kama binadamu wa hekaya, na pia bila ya kumfanya kuwa mashine. Lakini majuma machache baada ya kitabu kutoka, Wajapani waliishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na watu hawakuwa na nafasi ya kusoma habari za vibua. Nakala zilizouzwa miaka ile ya mwanzo hazikufika 2,000.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1951 kikatoka The Sea Around Us, maana yake bahari ituzungukayo, na safari hii mambo yakageuka kabisa. Kitabu kilikaa majuma 86 katika orodha ya vitabu vinunuliwavyo zaidi ya gazeti la New York Times, kikapata tuzo kubwa ya taifa ya vitabu mwaka 1952, kikafasiriwa katika lugha nyingi. Fedha zake zilimwezesha kuacha kazi ya Serikali mwaka huo huo. Humo anaeleza jinsi bahari ilivyopata kuwapo, jinsi visiwa vinavyozaliwa kwa moto wa chini na kufa kwa mawimbi, jinsi mwezi na jua vinavyoyavuta maji. Kwa mvuvi wetu ajuaye bamvua na maji mafu tangu utoto, sura ya kupwa na kujaa kwa maji haitakuwa ngeni. Hata hivyo itampa sababu za mambo ambayo alikuwa akiyajua kwa mazoea tu. Sura iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile inayosimulia jinsi vumbi la nchi kavu, majivu ya milima ya moto na magamba ya vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoshuka polepole gizani, mchana na usiku, kwa mamilioni ya miaka, vikitanda juu ya sakafu ya bahari mpaka vikawa tabaka nene lenye kuhifadhi historia ya dunia. Mambo hayo mwalimu wa kawaida angeyaeleza kwa tarakimu, na wanafunzi wangelala.

Si yote yaliyomo yaliyosimama hadi leo. Aliirudia dhana iliyokubaliwa na wataalamu wengi siku zile, kwamba mwezi ulichomoka mahali palipo sasa bahari ya Pasifiki. Wataalamu wameiacha dhana hiyo. Wala hakuweza kujua, kwa kuwa haikuwa imethibitishwa, kwamba mabara yenyewe yanasogea. Hayo si makosa ya mwandishi. Lililo la kumsifu ni kwamba kitabu kilipotolewa upya mwaka 1961 aliongeza utangulizi wa kuwaonya watu juu ya mataifa makubwa kutupa baharini takataka za nguvu za atomiki kabla ya kujua zitakwenda wapi. Hapo ndipo sauti yake inapoanza kubadilika.

Kitabu cha tatu, The Edge of the Sea, cha mwaka 1955, ni cha ufuko wenyewe: miamba, mchanga na matumbawe, na viumbe vinavyoishi mahali ambapo mara mbili kwa siku ni bahari na mara mbili ni nchi kavu. Ni kizuri, ila chahitaji msomaji mvumilivu.

Sasa tufike kwenye kitabu kilichomfanya apendwe na kuchukiwa. Mwanzoni mwa mwaka 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts alimpelekea barua ya malalamiko: ndege ya Serikali ilikuwa imenyunyiza D.D.T. juu ya nyumba yake na bustani yake ili kuua mbu, na baadaye akawakuta ndege wake wamekufa. Bibi Carson alikuwa na wasiwasi na dawa hiyo tangu mwaka 1945. Akakusanya taarifa za wataalamu kwa miaka minne, akiwaandikia madaktari, wachunguzi wa wadudu na watumishi wa Serikali, wengine wao wakimjibu kwa siri. Silent Spring ilianza kutolewa kwa mafungu katika jarida la New Yorker mwezi Juni, 1962, na kitabu chenyewe kikatoka tarehe 27 Septemba. Jina hilo lahitaji kufafanuliwa kwetu tusio na majira ya baridi. Huko kaskazini, baada ya miezi ya theluji, huja majira ya machipuko, na alama yake ya kwanza ni sauti za ndege waliorudi. Majira ya machipuko yasiyo na sauti ni kama masika yasiyo na mvua wala sauti ya chura.

Mifano aliyoitoa ni mizito. Katika California liko ziwa liitwalo Clear Lake, ambalo wavuvi wa kujifurahisha walilipenda lakini usubi ukiwasumbua. Mwaka 1949 likatiwa dawa ya jamii ya D.D.T. kwa kipimo kidogo mno: sehemu moja ya dawa katika sehemu milioni 70 za maji. Usubi ukapungua, kisha ukarudi. Mwaka 1954 likatiwa tena, kwa kipimo kikubwa kidogo, na mwaka 1957 mara ya tatu. Ndege wa majini waitwao vibisi wakaanza kufa. Wachunguzi walipoyapima maji, dawa iliyomo ilikuwa kidogo sana. Walipovipima vijimea vieleavyo majini wakakuta nyingi zaidi. Katika samaki walao vijimea, zaidi tena. Na katika mafuta ya miili ya vibisi walao samaki, sehemu 1,600 katika milioni. Sumu haikuwa imepotea majini. Ilikuwa imepanda ngazi, kutoka kwa mliwa hadi kwa mlaji. Mahali palipokuwa na jozi 1,000 za vibisi, kufikia mwaka 1960 zilibaki kama 30. Na mwisho wa ngazi hiyo, msomaji, si kibisi: samaki wale wale walikuwa wakivuliwa na watu, wakaliwa.

Mfano wa pili ni wa chuo kikuu kimoja cha Michigan, ambako tangu mwaka 1954 miti ya elmu ilinyunyizwa D.D.T. ili kuiponya na maradhi. Majani yenye dawa yakaanguka, yakaoza, nyungunyungu wakayala, na ndege waitwao robini, wenye vifua vyekundu, waliporudi kutoka kusini wakawala nyungunyungu. Nyungunyungu wakubwa 11 waliweza kuwa na sumu ya kumuua robini mmoja. Aliyenyunyiza miti hakumkusudia robini, na robini hakuugusa mti.

Lakini wenzetu wafanya kazi wasidhani kwamba kitabu hicho ni cha ndege tu. Humo imo habari ya wachuma machungwa 30 huko California, ambao 11 kati yao walishikwa na ugonjwa mkali wakiwa kazini, na wote isipokuwa mmoja ikabidi wapelekwe hospitali. Michungwa ilikuwa imenyunyizwa dawa iitwayo parathioni majuma mawili na nusu kabla yake. Hakuna aliyewaambia. Zimo habari za wapulizaji dawa, za marubani, za wakulima waliomwagikiwa, na humo Bibi Carson anashikilia neno moja ambalo kwetu laonekana kuwa ndilo mhimili wa kitabu kizima: kwamba mtu atakayeivumilia sumu anayo haki ya kujua, na kwamba walioamua kunyunyiza hawakumuuliza. Kila mkulima wa pamba Usukumani au wa kahawa Uchagani aliyebeba bomba la dawa mgongoni, akipulizia huku upepo ukimrudishia usoni, ataifahamu sura hiyo bila ya mkalimani.

Viwanda vya madawa vilimjia juu. Kimoja kilimwandikia mchapishaji barua ya kutisha kabla kitabu hakijatoka. Fedha nyingi zikatumika kuchapa vijitabu vya kumpinga. Alidhihakiwa kwamba ni mwanamke mwenye jazba, hana mume wala shahada ya juu kabisa, mpenda ndege na paka. Wachache walizijibu taarifa zake moja moja. Wasilolijua wapinzani hao ni kwamba alikuwa akifa. Mwaka 1960 alikuwa amepasuliwa kwa ajili ya saratani ya titi, na madaktari hawakumwambia mapema ukweli wote. Sehemu za mwisho za kitabu aliziandika akiwa na maumivu ya mifupa na macho. Alificha ugonjwa wake kwa makusudi, asije akaambiwa kwamba ameandika kwa chuki ya mgonjwa. Alipoonekana katika televisheni mwezi Aprili, 1963, akazungumza kwa utulivu na taratibu, alikuwa amevaa nywele za bandia. Mwezi Mei kamati ya wanasayansi ya Rais John F. Kennedy ikatoa taarifa iliyokubaliana naye katika mambo makubwa. Mwezi Juni akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Tarehe 14 Aprili, 1964, akafariki, umri wake miaka 56, akaacha mtoto wa kiume wa miaka 12 ambaye alimlea tangu mama yake, mpwa wa mwandishi, alipofariki mwaka 1957.

Liko shtaka moja ambalo sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna budi kulichungua wenyewe, maana linatutaja. Tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita wamezuka waandishi wa Ulaya na Marekani wasemao kwamba kitabu hicho kiliua watoto wa Kiafrika kwa malaria, kwa kuwa kiliondoa D.D.T. duniani. Kwanza na tukiri: D.D.T. iliokoa watu wengi, na Paul Müller aliyegundua nguvu zake juu ya wadudu mwaka 1939 hakupewa tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa bahati. Kwetu pia nyumba zilipuliziwa: kule Pare na Taveta kwa dieldrini kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, na kule Unguja na Pemba kwa D.D.T. kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, na homa ikapungua sana. Kazi ilipoachwa Visiwani, homa ikarudi.

Lakini Bibi Carson hakuomba dawa zote zipigwe marufuku, na aliyesema aliomba hivyo hakukisoma kitabu. Alilolipinga ni kumwaga sumu ovyo kutoka angani juu ya misitu, mashamba na vijiji. Tena alieleza kwa urefu jinsi wadudu, na mbu wa malaria wakiwamo, wanavyoizoea dawa inayotumiwa kupita kiasi mpaka isiwaue tena. Yaani aliyetaka dawa iendelee kufaa kwa malaria alipaswa kuizuia isimwagwe juu ya pamba. Marekani ilipokataza D.D.T. mwaka 1972, katazo lilikuwa juu ya matumizi ya nchini mwake, hasa kilimo. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliacha nafasi kwa nchi zihitajizo D.D.T. kupambana na mbu, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likasisitiza tena faida ya kupulizia ndani ya nyumba. Yawezekana kumlaumu mwandishi kwamba alizitaja kwa ufupi mno faida za dawa hiyo katika nchi za joto. Lawama hiyo twaikubali. Ile nyingine hatuikubali.

Kuhusu ndege, muda ulimpa haki. Mwaka 1967 mchunguzi mmoja wa Uingereza alionyesha kwamba maganda ya mayai ya ndege wakali yalikuwa yamekuwa membamba tangu dawa hizo zilipoanza kutumika. Mama akiyaatamia, yanapasuka. Tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ndiye nembo ya taifa la Marekani, mwaka 1963 alikuwa amebakiwa na jozi 417 za kuzaa katika majimbo 48 ya bara. Mwaka 2007 alipoondolewa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini, jozi zilikaribia 10,000.

Msomaji ajuaye Kiingereza na anayetaka kuonja maandishi haya asianze na kitabu cha sumu, ijapokuwa ndicho chenye sifa. Aanze na kile cha mwaka 1951, asome kwa sauti sura ya kupwa na kujaa, hasa akiwa karibu na maji. Hapo ataona jambo ambalo wapinzani wake hawakuliona: kwamba aliweza kusikilizwa juu ya robini na wachuma machungwa kwa sababu watu walikuwa wamemzoea kwa miaka kumi na moja kuwa ndiye aliyewaeleza bahari, naye hakuwadanganya. Kile kitabu kidogo kiitwacho The Sense of Wonder, kilichotolewa mwaka 1965 baada ya kufa kwake kutokana na makala yake ya mwaka 1956, ni cha wazazi na walimu. Ndani yake hakuna majina magumu, yupo mtu mzima na mtoto mdogo wakishuka ufukoni usiku wa giza na mvua ili wasikie mawimbi.